Siku Moja Rio de Janeiro: Mwongozo kwa Anayeshuka Melini Asubuhi na Kuondoka Jioni

Kila msimu wa meli za kitalii unapoanza katika pwani ya Brazili, yaani kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili, maswali yale yale hunifikia kutoka kwa wasafiri wanaozungumza Kiswahili na kutoka kwa vijana wetu wanaofanya kazi melini. Je, mtu anaweza kuuona mji wa Rio de Janeiro kwa saa nane tu? Je, ni salama kutembea bila kundi la watalii? Je, sanamu ya Kristo iko karibu na bandari? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja. Mji huo unaonekana vizuri kwa siku moja na bila kulipia ziara ya melini, iwapo utakubali jambo ambalo wageni wengi hulikataa: siku moja inatosha mlima mmoja, na saa zinazobaki ni bora uzitumie kwa miguu karibu na meli kuliko kuzimaliza ndani ya msongamano wa magari.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kushuka

- Ruhusa ya kuingia Brazili. Pasipoti yako ndiyo inayoamua, si tiketi ya meli, na asiye na viza inayohitajika hubaki melini akiutazama mji kwa mbali. Brazili ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Ulizia huko miezi kadhaa kabla ya safari. Baharia amwulize afisa anayeshughulikia nyaraka za wafanyakazi melini, kwa sababu utaratibu wake si sawa na wa abiria.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Hata kama hakuna atakayekiuliza Rio, Kenya na Tanzania huwadai cheti hicho wanaowasili kutoka nchi zenye ugonjwa huo, na Brazili ni mojawapo.
- Kadi ya meli pamoja na nakala ya pasipoti. Pasipoti yenyewe iache kwenye kasha la chumbani, isipokuwa meli iwe imeagiza vinginevyo.
- Kadi ya benki ya kugusisha, na ya pili iliyofichwa mahali pengine mwilini. Sarafu ya Brazili ni real, kwa wingi reais; kadi hupokewa karibu kila mahali, kwa hiyo fedha taslimu kidogo za madafu na vitu vidogo vidogo zinatosha.
- Simu yenye chaji kamili na ramani ya Rio iliyopakuliwa, ili ifanye kazi hata bila intaneti.
- Namba ya simu ya wakala wa bandari wa meli yako. Huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku inayoletwa chumbani. Ikate au ipige picha, kisha iandike pia kwa kalamu, maana simu ikipotea picha nayo imepotea.
- Kofia, maji na viatu vyenye soli isiyoteleza. Njia za waenda kwa miguu za Rio zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vya mtindo wa Kireno, vizuri kwa macho lakini vyenye utelezi mkubwa mvua ikinyesha.

Kitu cha kuacha melini ni dhahabu. Mkufu, bangili na saa ya bei haviongezi chochote katika siku hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu siku yako ukianzia mwisho

Tafuta kwenye ratiba saa ambayo abiria wote wanatakiwa kuwa ndani ya meli. Si saa ya kung'oa nanga. Aghalabu hutangulia kwa nusu saa hadi saa nzima. Ondoa saa moja na nusu kutoka hapo, na hiyo ndiyo saa yako ya kuwa umerudi katika ujirani wa bandari. Kwa mfano, meli ikifunga mlango saa 11 jioni, wewe uwe Praça Mauá saa 9 na nusu alasiri, na shughuli yoyote ya mbali iwe imekwisha kufikia saa 8 mchana. Magari huanza kusongamana mapema katika barabara zinazoelekea katikati ya jiji, na dereva hawezi kuyarukia.

Hapa pana mtego wa saa unaowahusu Waswahili peke yao. Rio iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima tangu Brazili ilipoacha kusogeza saa mwaka 2019. Kwa hiyo Mbrazili anaposema "oito horas", yaani saa yao ya nane ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi, Mombasa na Dar es Salaam ni saa nane kamili mchana. Tarakimu ni ile ile. Jua ndilo lililo mahali tofauti. Ni jambo la kufurahisha unapopiga simu nyumbani, lakini ni hatari unapopanga kurudi melini, kwa hiyo andika saa ya mwisho kwa mtindo wa meli, yaani 17:00, na usiitafsiri kichwani kila mara.

*Kosa la kawaida:* simu hujibadilisha yenyewe kufuata saa za nchi, ilhali meli inaweza kuendelea na saa zake. Kabla ya kushuka linganisha simu yako na saa iliyo kwenye mapokezi ya meli.

Hatua ya 2: Utazame mlima kabla ya kuamua

Meli inapoingia ghuba ya Guanabara alfajiri, panda sitaha ya juu. Upande wa kushoto utaona Pão de Açúcar, jabali lililosimama mlangoni mwa ghuba kwa urefu wa mita 396. Nyuma yake, mbali kidogo na juu zaidi, ndipo ulipo Corcovado wenye mita 710, na sanamu ya Kristo kileleni. Tofauti hiyo ya urefu ndiyo siri ya siku nzima, kwa kuwa wingu linaweza kukifunika kilele cha Corcovado kabisa huku Pão de Açúcar ikiwa imekauka chini yake.

Mimi mara ya kwanza sikutazama. Nilipanda Corcovado kwa kuwa ndiyo niliyoisikia tangu utotoni, nikafika juu ndani ya wingu zito, nikaona upindo wa joho la sanamu na mgongo wa mtalii aliyekuwa mbele yangu. Sanamu ikionekana asubuhi, iendee mara moja, maana mawingu ya kiangazi cha huko, yaani miezi ya joto ya Desemba hadi Machi, hupenda kujikusanya kadiri siku inavyoendelea. Isipoonekana, badili mpango bila majuto.

Hatua ya 3: Toka bandarini bila kuajiriwa na mtu

Meli za abiria hufungwa Pier Mauá, katika eneo la maghala ya zamani ambayo kila moja lina namba na huitwa "armazém". Ikiwa meli yako imefungwa mbali na jengo la abiria, kuna basi la bandari la kukufikisha. Kabla hujatoka, piga picha ya mlango na ya namba ya ghala lililo karibu na meli, kwa maana gati ni refu na jioni kunaweza kuwa na meli tatu zinazofanana.

Ukifika nje utapokewa na watu wenye mabango ya ziara na teksi. Baadhi yao ni waaminifu, lakini bei ya mlangoni huwa ya mgeni aliyechanganyikiwa. Wajibu kwa upole "não, obrigado", na ukiwa mwanamke "não, obrigada", kisha endelea kutembea hadi Praça Mauá, uwanja mpana ulio mwisho wa gati. Utautambua kwa jengo jeupe lenye mbavu kama mifupa ya samaki linaloelekea majini: hilo ni Museu do Amanhã, kazi ya msanifu Santiago Calatrava, lililofunguliwa Desemba 2015. Simama hapo, kunywa maji, fungua ramani. Safari zote zilizomo katika mwongozo huu zinaanzia hapo.

Hatua ya 4: Jua usafiri wa aina tatu

Tramu ya kisasa, inayoitwa VLT, imekuwa ikipita mbele ya bandari tangu 2016. Kituo cha Parada dos Museus kiko karibu na Praça Mauá, na kutoka hapo tramu hufuata barabara ya Rio Branco hadi Candelária, Carioca na Cinelândia, yaani moyo wa jiji la zamani. Kadi hununuliwa kabla ya safari na hugusishwa kwenye mashine iliyo ndani ya behewa mara tu unapopanda. Hakuna geti la kukuzuia, na ndiyo maana wageni hudhani ni bure hadi mkaguzi anapotokea.

Metro ni ya haraka na safi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa safari ndefu. Shuka kwenye tramu Carioca au Cinelândia, uingie metro kuelekea kusini. Getini unaweza kugusisha kadi yako ya benki bila kununua tiketi. Siku za kazi, asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, yako mabehewa yenye alama ya waridi ambayo ni ya wanawake tu. Mwanamume akiingia humo kwa kutojua ataelekezwa nje, na si kwa lugha laini.

Teksi rasmi za Rio ni za manjano zenye mstari wa buluu ubavuni, na hutumia mita. Gari la kuita kwa programu ya simu kwa kawaida ni rahisi zaidi, kwa sababu bei inajulikana kabla na hakuna haja ya kueleza njia kwa Kireno. Hakikisha namba ya gari inalingana na ile iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango.

*Onyo:* usiifuate ramani ya simu kwa miguu ndani ya vitongoji vya milimani kwa kuwa tu imekuonyesha njia ya mkato. Mitaa ya favela ni makazi ya watu wengi wanaojitafutia riziki kama watu wa mahali pengine popote, lakini baadhi yake yako chini ya makundi yenye silaha, na mgeni anayezuka bila mwenyeji huleta wasiwasi kwake na kwao.

Hatua ya 5: Panda mlima mmoja

*Ukichagua Corcovado.* Kuna njia mbili rasmi zinazomfaa mtu wa meli. Ya kwanza ni treni ya meno inayoondoka kitongoji cha Cosme Velho, reli iliyozinduliwa mwaka 1884 na Mfalme Pedro wa Pili, miaka 47 kabla sanamu yenyewe haijazinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Hupanda kwa takriban dakika 20 ndani ya msitu wa Tijuca, na ukikaa upande wa kulia wa behewa unapopanda utapata mandhari bora. Utaona pia mifenesi mingi kando ya reli. Mfenesi si mti wa asili ya Brazili. Uliletwa kutoka Asia, ukaupenda msitu huo kupita kiasi, na walinzi wa mazingira wa Rio wanauhesabu kuwa mvamizi. Njia ya pili ni mabasi madogo rasmi yanayoondoka Largo do Machado, penye kituo cha metro, jambo linaloifanya iwe rahisi kwa anayetoka bandarini.

Kwa njia zote mbili tiketi huwa na saa maalumu, nazo huisha mapema siku ambazo meli nyingi zimetia nanga. Nunua mtandaoni kabla, na uchague saa ya mapema kadiri inavyowezekana, ukijiwekea angalau saa moja na nusu baada ya meli kufika. Kutoka kituo cha juu kuna ngazi zaidi ya 200, lakini pia lifti na ngazi za umeme, hivyo wazee wasikate tamaa. Sanamu ina urefu wa mita 30 bila kuhesabu jukwaa la mita 8 iliposimama, na ngozi yake ni vipande vidogo vya jiwe la sabuni, jiwe la namna ile ile wanayolichonga mafundi wa Kisii. Tenga saa nne kwa safari nzima, kutoka bandarini hadi kurudi.

*Ukichagua Pão de Açúcar.* Nenda kwa gari moja kwa moja hadi Praia Vermelha, au kwa metro hadi Botafogo kisha teksi fupi. Gari la waya, ambalo wenyeji huliita "bondinho", lilianza kazi mwaka 1912, na hupanda kwa awamu mbili: kwanza hadi kilima cha Urca, kisha hadi kilele. Saa tatu zinatosha. Kama mtu hana sababu ya kidini wala ya moyoni ya kuiendea sanamu, mimi humshauri achague huku. Foleni huelekea kuwa ya kuvumilika zaidi, wingu humsamehe mara nyingi zaidi, na kutoka hapo ataiona ghuba, fukwe, mji, meli yake mwenyewe na sanamu yenyewe mbele yake.

*Kosa la kawaida:* kuipanda yote miwili kwa siku moja. Inawezekana kwa saa 10 na kwa bahati njema. Waliofanya hivyo hunisimulia zaidi kuhusu foleni kuliko kuhusu Rio.

Hatua ya 6: Rudi katikati ya jiji kwa miguu

Kutoka Cinelândia hadi Praça Mauá, kwa kuifuata Rio Branco, ni chini ya kilomita mbili za tambarare. Barabara hii ilifunguliwa mwaka 1905 ili mji ufanane na Paris, na Theatro Municipal, ukumbi wa maonyesho wa mwaka 1909 ulio mwanzoni mwake, haufichi nia hiyo. Ukiwa na muda, kata kushoto uingie Confeitaria Colombo katika mtaa wa Gonçalves Dias, mkahawa wa mwaka 1894 wenye vioo virefu kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Siku za kazi tembelea pia Real Gabinete Português de Leitura, maktaba ya Kireno ambayo rafu zake za mbao zilizochongwa hupanda ghorofa tatu. Kuingia ni bure na dakika 20 zinatosha.

Ngazi za Selarón, zenye vigae vya rangi ambavyo msanii kutoka Chile, Jorge Selarón, alivibandika kuanzia mwaka 1990 hadi kifo chake mwaka 2013, ziko Lapa, mwendo wa dakika 10 hivi kutoka Cinelândia. Zina vidato 215. Nenda asubuhi ukitaka picha isiyo na watu 50 ndani yake.

*Onyo:* maelezo haya ni ya siku za kazi. Jumapili ofisi zimefungwa, mitaa ya katikati ya jiji huwa mitupu, na mtaa mtupu si rafiki wa mgeni. Siku hiyo tumia gari na ubaki kwenye maeneo yenye watu, kama Praça Mauá na njia ya kando ya bahari.

Hatua ya 7: Usiondoke bila kufika Valongo

Hatua hii haimo katika ziara nyingi za meli, ingawa iko karibu kuliko zote. Kutoka Praça Mauá fuata mtaa wa Sacadura Cabral. Baada ya dakika chache utafika Largo da Prainha, kiwanja kidogo chenye mikahawa na sanamu ya Mercedes Baptista, mwanamke mweusi wa kwanza kucheza baleti katika kikosi cha Theatro Municipal. Nyuma yake kuna Pedra do Sal, jabali lililochongwa ngazi, ambapo makuli weusi wa bandari walikuwa wakikusanyika na ambapo hadi leo samba hupigwa Jumatatu usiku. Wewe utakuwa baharini wakati huo, lakini jabali liko pale mchana. Endelea hadi barabara ya Barão de Tefé, na hapo, chini kidogo ya usawa wa barabara, ndipo lilipo gati la Valongo.

Hutaona jengo lolote. Ni shimo pana lenye mawe. Gati lilijengwa mwaka 1811 kwa ajili ya kushushia Waafrika waliotekwa, na UNESCO, iliyoliandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, inakadiria kuwa watu wapatao 900,000 kutoka Afrika waliingia Amerika ya Kusini kupitia hapo. Mwaka 1843 lilifukiwa na kujengewa gati jipya la kumpokea malkia mtarajiwa aliyekuwa akija kutoka Ulaya. Kisha hilo nalo likafukiwa, na yote mawili yakasahauliwa hadi wachimbaji wa barabara walipoyafikia mwaka 2011. Tazama tabaka za mawe kwa makini: yale ya juu, yaliyochongwa sawasawa, ni ya malkia, yale ya chini, yasiyo na umbo, ndiyo yaliyokanyagwa na watu wetu. Utandikaji huo wa mawe yasiyo na mpango huitwa "pé de moleque", jina ambalo Wabrazili wamelipa pia kitamu chao cha karanga na sukari guru, ambacho Mswahili akikiona ataapa kuwa ni kashata.

Nasema "watu wetu" si kwa kutia chumvi. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 meli zilizotoka Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji ziliongezeka, na Rio ikawa na watu walioitwa kwa jina la jumla la "Moçambique". Lugha zao za Kibantu zimebaki midomoni mwa watu wa mji huo: unga wa mahindi ni "fubá", kitinda mimba ni "caçula", na nyigu ni "marimbondo", neno ambalo limehifadhi hata kiambishi chake cha wingi.

Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Pedro Ernesto, kuna makumbusho madogo ya Pretos Novos, yaani "Weusi Wapya". Mwaka 1996 familia iliyokuwa ikikarabati nyumba yake ilikuta mifupa chini ya sakafu. Ilikuwa makaburi ya wale waliofika wakiwa wamekufa au wakafa kabla ya kuuzwa. Sehemu za uchimbuzi zimeachwa zionekane. Siwezi kumwambia mtu namna ya kukaa mahali kama hapo, ila apange kutofanya jambo lolote la haraka mara baada ya kutoka.

Ukirudi melini kwa miguu kwa njia ya kando ya maji, utapita mbele ya mchoro wa Eduardo Kobra wa mwaka 2016, wenye zaidi ya mita za mraba 2,500, unaoonyesha nyuso za watu wa asili wa mabara matano. Afrika inawakilishwa na Mmursi wa Ethiopia.

Hatua ya 8: Kula bila kupoteza muda

Mikahawa ya "a quilo" ndiyo inayomfaa mtu mwenye haraka. Unajipakulia, sahani inapimwa, unalipa kwa uzito. Chakula cha taifa ni "feijoada", maharagwe meusi yaliyopikwa pamoja na nyama, hasa Jumamosi. Huletwa na wali, unga wa muhogo uliokaangwa, vipande vya chungwa na mboga iitwayo "couve", ambayo si nyingine ila sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana. Ukiona "angu" kwenye orodha ya vyakula, jua kwamba ni ndugu wa ugali, ila ni laini zaidi.

*Onyo kwa Waislamu:* nyama ya feijoada ni ya nguruwe, na hata maharagwe ya kawaida mara nyingi hupikwa na mafuta yake. Uliza "tem porco?" kabla ya kupakua. Samaki wa kuchoma, mayai na matunda ni njia salama zaidi. Kuhusu kinywaji hakuna shida: madafu huuzwa baridi kila mahali kwa jina la "água de coco", na juisi ya miwa, "caldo de cana", hukamuliwa mbele yako kama Forodhani.

Hatua ya 9: Ufukwe, ikiwa ni lazima

Copacabana iko kama kilomita 10 kutoka bandarini. Metro ya kushukia ni Cardeal Arcoverde. Kama unatoka Pwani ya Afrika Mashariki, mchanga na minazi unavyo nyumbani, na nisingetoa nusu ya siku kwa ajili hiyo. Anayekwenda asiache mfuko mchangani hata kwa dakika moja, na asiingie majini penye bendera nyekundu, kwa sababu mkondo wa Atlantiki haufanani na maji yaliyotulia ndani ya miamba ya matumbawe.

Hatua ya 10: Rudi

Mwambie dereva "Pier Mauá, terminal de cruzeiros". Shuka Praça Mauá badala ya kungoja gari lijipenyeze hadi mlangoni, maana wakati wa meli kuondoka sehemu hiyo hujaa. Kadi ya meli na nakala ya pasipoti viwe mkononi.

Mambo yakienda kombo

*Wingu limefunika sanamu nawe umeshanunua tiketi.* Uliza kituoni kama saa inaweza kusogezwa. Isipowezekana, samehe fedha, okoa siku, uende Valongo na katikati ya jiji.

*Mvua kubwa imeanza.* Mvua za kiangazi hushuka kwa nguvu alasiri na zinaweza kufurika barabara kwa muda mfupi. Achana na magari na utumie metro. Ikiwa uko mlimani, shuka mapema, kabla ya watu wote kuamua hivyo.

*Kadi imekataliwa.* Jaribu ya pili. Mashine ikikuuliza kama ungependa kulipa kwa dola au kwa reais, chagua reais, kwani kiwango cha mashine huwa kibaya. Kutoa fedha tumia ATM iliyo ndani ya benki au duka kubwa, si ya kando ya barabara.

*Simu imenyakuliwa.* Usiikimbilie na usibishane. Wanyakuzi wengi huwa na baiskeli au pikipiki, na wengine wana silaha. Ingia duka la karibu, omba kusaidiwa kufunga simu na akaunti za benki, kisha rudi melini. Ili kujikinga, usisimame ukingoni mwa barabara ukiwa umeishika. Ingia mlangoni mwa duka ndipo uitazame ramani.

*Mtu ameumia au ameugua.* Piga 192 kwa gari la wagonjwa, 190 kwa polisi, 193 kwa zimamoto. Wapigie melini pia, maana daktari wa meli anaweza kukueleza hospitali ya kwenda.

*Umechelewa na foleni haisogei.* Mpigie wakala wa bandari mara tu unapotambua hutawahi, wala usingoje hadi saa iwe imepita. Meli haina wajibu wa kumngoja aliyeshuka kwa mpango wake mwenyewe, lakini ikijua uko dakika 10 nyuma huenda ngazi ikabaki chini kidogo. Ikiwa imekwisha kuondoka, wakala ndiye atakayejua kama pasipoti yako imeachwa kwake, na ndiye atakayekueleza namna ya kuikuta meli bandari inayofuata. Ikiwa bandari hiyo ni Santos au Salvador, basi au ndege ya ndani itakufikisha. Ikiwa ni Montevideo au Buenos Aires, utavuka mpaka, na utahitaji pasipoti halisi pamoja na ruhusa ya kuingia nchi hiyo, kwa gharama yako mwenyewe.